Mama anakwenda Chennai kupasuliwa moyo, nami nahofia chakula

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 31, naishi Tanga. Mwezi ujao nitamsindikiza mama yangu Chennai, India, kubadilishiwa valvu ya moyo. Dada yangu aliyeko Muscat ndiye anayegharamia na ameshakamilisha mambo yote na hospitali. Tutakaa kama mwezi mmoja na nusu, mwanzo na mwisho tukiwa kwenye nyumba ya kupanga jirani na hospitali, yenye jiko dogo. Mimi sijawahi kutoka nje ya nchi. Mama amewahi kwenda Hijja tu.

Najua mbele ya upasuaji wa moyo jambo langu litaonekana dogo, lakini ndilo linaloninyima usingizi. Ni chakula. Mjomba wangu alikwenda India miaka ya nyuma kutibiwa mgongo, akala kitu barabarani, akahara mpaka akatundikiwa dripu. Tangu hapo anasema India hata maji ya kupigia mswaki si ya kuamini. Anataka tubebe unga wa sembe, mchele na dagaa, na tusile cha mtu mpaka turudi. Kaka yangu anamcheka. Anasema sisi tumekulia maji ya kisima na mihogo ya barabarani, matumbo yetu ni chuma, tule tu, na tumbo likianza kuendesha tumeze Flagyl. Ameshaninunulia pakiti tatu na Cipro juu yake. Jirani naye kanishauri nimeze antibayotiki kila siku kama kinga tangu siku ya kupanda ndege.

Mama mwenyewe ni mpishi. Vitumbua vyake ndivyo vilivyotusomesha, na hakuna chakula anachokiona asitake kukionja. Ameona kwenye simu watu wakila pani puri, vile vikate vidogo vya duara vya kukaanga vinavyotobolewa na kujazwa maji ya ukwaju na mnanaa, akaniambia, "Hiyo lazima niionje kabla hawajanipasua, huwezi jua." Nilitoka nje nikalia.

Tena dada anasema kwenye nyumba zile za wagonjwa watu hukaribishana chakula. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba kukataa chakula cha mtu ni kumvunjia heshima. Nitakataaje? Nitajuaje nyama kama ni halali? Na mimi nikiugua, nani atakaa na mama?

Naomba unielekeze.

Mwenye safari, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu awatangulie na ampe mama nguvu.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, maana ndilo lenye uzito kuliko yote. Hospitali nyingi za India humtegemea ndugu mmoja akae na mgonjwa muda wote. Huyo ndiye anayekimbilia duka la dawa, anayetia saini, anayepokea maelezo ya daktari, anayemshika mgonjwa mkono siku ya kwanza ya kusimama baada ya upasuaji. Kwa hiyo tumbo lako ni sehemu ya matibabu ya mama. Usione haya kujilinda hata wenyeji wakikushangaa. Ila kujilinda si kufunga kula, na hapo ndipo ninapoachana na mjomba.

Mjomba aliugua kweli, na kuhara ni ugonjwa unaowapata wasafiri wengi kuliko mwingine wowote. Mara nyingi chanzo ni bakteria: jamii fulani za E. coli, Campylobacter, Shigella, Salmonella. Wakati mwingine ni virusi. Vyote hivyo hutoka kwenye kinyesi au nyama mbichi vikafika mdomoni kwa njia ya maji, mikono, au chakula kilichokaa. Njia hizo zipo Tanga pia. Kaka yako anakosea kwa sababu moja: kinga ya tumbo hujengwa dhidi ya vijidudu ulivyokutana navyo. Maji ya kisima chenu yalikuzoesha vijidudu vya kwenu. Vya Chennai ni ndugu zao, lakini hamjawahi kukutana. Ndiyo maana Mhindi akija kwetu naye huugua wiki ya kwanza.

Kwa hiyo usiulize kama chakula ni cha Kihindi au cha nyumbani. Uliza mambo matatu: kimepikwa mpaka kikaiva? Kimeguswa na maji gani baada ya kupikwa? Kimekaa muda gani tangu kitoke motoni? Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba vijidudu huzaana kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Kwa joto la Chennai, mimi husema hata hizo saa 2 ni nyingi.

Sasa nikupeleke mtaani, maana nilimuuguza mume wangu katika mji huohuo na nililazimika kula huko kila siku.

Asubuhi kuanzia saa 1 utaona vibanda na migahawa inayouza idli. Ni vikate vyeupe, laini, vya mchele na dengu nyeusi vilivyosagwa na kuachwa vichachuke usiku kucha, kisha vikapikwa kwa mvuke kwenye sinia za chuma zenye vishimo. Simama utazame. Mpishi anafunua chungu, mvuke unampanda usoni, anachota idli kwa kijiko na kukuwekea kwenye sahani ikiwa bado inaunguza vidole. Pembeni kuna sufuria ya sambar, mchuzi wa dengu na mboga, unaotokota motoni. Hiyo ni salama kuliko sehemu kubwa ya vyakula utakavyovikuta kwenye meza ya kujipakulia ya hoteli ya nyota tano, ambako sahani zimepangwa tangu alfajiri juu ya vimishumaa visivyoweza kuchemsha kitu. Kula idli na sambar ushibe. Lakini karibu na sambar kuna ndoo ndogo ya chuma yenye chatne nyeupe ya nazi. Nazi hiyo ni mbichi, imesagwa na maji ambayo hujui yalikotoka, na upawa umeingia humo mara mia tangu kuche. Mwambie asikuwekee. Neno "vendam" la Kitamil, lugha ya huko, linatosha, maana yake sitaki. Watu wengi pale wanaelewa Kiingereza pia.

Dosa, ule mkate mwembamba unaochomwa kwenye bamba la chuma, ni vilevile: bamba linaunguza, dosa inatoka mbele ya macho yako. Rasam, supu ya ukwaju na pilipili manga, inywe ikiwa moto. Na mwambie mama kuna kitu kiitwacho paniyaram. Wanachukua unga uleule wa idli na kuumimina kwenye kikaango cha chuma chenye mashimo ya duara, wanageuza kwa kijiti mpaka pande zote mbili ziive. Kikaango ni kilekile cha vitumbua vyake. Sijaona kitu kilichonifanya nijisikie nyumbani kama kile, na kikitoka motoni sasa hivi hakina neno.

Angalia pia wateja. Kibanda chenye foleni na kinachouza vitu viwili vitatu tu ni bora kuliko mgahawa mtupu wenye orodha ya vyakula mia, kwa sababu chakula hakipati muda wa kukaa. Tazama mikono ya anayepokea pesa: ndiyo hiyohiyo inayoshika chakula? Tazama wanapooshea vyombo. Ukiona beseni moja la maji ya rangi ya chai, omba uwekewe kwenye jani la mgomba au kipande kipya cha karatasi, au nenda zako.

Maji ndiyo adui mkubwa, na hapo mjomba amesema kweli hata kuhusu mswaki. Tumia maji ya chupa uliyoivunja lakiri mwenyewe, au maji uliyochemsha. Mkioga msiyameze. Kwenye migahawa watakuletea jagi la chuma na bilauri mara tu ukikaa, liache. Chennai nyumba nyingi hununua maji ya dumu la lita 20. Kwenye nyumba mtakayopanga, hata hayo yachemshe, yatokote sawasawa kwa dakika 1, yapoe yakiwa yamefunikwa, uyahifadhi humohumo. Barafu ni maji yaleyale yaliyogandishwa, na baridi haiui vijidudu. Kwa sababu hiyo juisi ya miwa yenye barafu, lassi (mtindi wa kunywa) ya glasi ya kibandani na maji ya limau vitazame kwa macho tu. Dafu ni tofauti: muuzaji analikata mbele yako, unakunywa kutoka humohumo. Mwambie asikumiminie kwenye glasi. Kwa mama dafu nalo liulizeni kwanza kwa daktari, lina potasiamu nyingi na baadhi ya dawa za moyo hupandisha potasiamu mwilini.

Kahawa ya Chennai inywe. Maziwa yanachemka mbele yako, kisha kahawa inamiminwa kutoka juu, kikombe cha chuma kwenda kwenye bakuli lake, mpaka inatoa povu. Ni ya moto kiasi cha kuunguza ulimi.

Matunda chagua yenye ganda unalomenya mwenyewe kwa mikono iliyonawa: ndizi, chungwa, embe. Yaliyokatwa tayari na kunyunyiziwa pilipili na chumvi barabarani yaache. Kachumbari mbichi pia, hata kwenye mgahawa mzuri. Jioni mkipita ufukwe wa Marina mtakuta bhajia za pilipili kubwa zikitoka kwenye mafuta yanayochemka, hizo sawa. Karibu yake kuna sundal, dengu za kuchemsha zilizochanganywa na nazi mbichi na embe bichi, zimekaa kwenye beseni tangu mchana. Hizo hapana. Samaki wa kukaanga ni wa kuangalia sana. Wewe wa Tanga unajua jodari au nguru aliyelala nje bila barafu anavyowasha mwili na kufanya uso uwe mwekundu. Sumu ile haiondoki hata ukimkaanga mpaka akauke. Kama huwezi kumwona samaki akiwa mbichi, usimle.

Na pilipili: tumbo kuungua siku za mwanzo kwa sababu ya pilipili si ugonjwa, lakini linachosha. Kula kwa kiasi wiki ya kwanza. Wala usiamini kwamba pilipili kali inaua vijidudu vya kwenye chakula. Haiui.

Hayo yote ni ya kwako. Sahani ya mama ni nyingine kabisa, na hapa naomba unisome polepole.

Kabla ya upasuaji, kuhara au homa kunaweza kuwafanya madaktari waahirishe tarehe, na kila siku ya kungoja ni pesa za dada. Tena kuhara kunapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika, hasa kwa mtu anayemeza dawa za kukojoza maji. Baada ya upasuaji hatari inabadilika sura. Baadhi ya bakteria wa kuhara, Salmonella wakiwamo, wanaweza kuvuka utumbo wakaingia kwenye damu, na wakiingia hupenda kujishikiza penye kifaa kigeni kama valvu mpya. Kwa hiyo mama asile cha barabarani hata kama kinatokota. Wewe unaweza kujaribu kibanda, yeye ale cha hospitali au ulichompikia wewe kwenye lile jiko.

Akiwekewa valvu ya chuma atapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi warfarin, na ataimeza maisha yake yote. Hata wanaowekewa valvu ya tishu, yaani iliyotengenezwa kwa tishu ya mnyama, wengine hupewa dawa hiyo kwa miezi kadhaa. Dawa hii hupambana na vitamini K iliyomo kwenye majani ya kijani: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya mlonge. Watu huambiwa waache mboga; si lazima. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili daktari apime damu na kupanga dozi juu ya ulaji ambao haurukiruki. Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai, wanakula mlonge sana. Utaona maganda yake marefu yakielea kwenye sambar, na majani yake yakipikwa kama mchicha. Mwambie mtaalamu wa lishe wa hospitali kile mama anachokula Tanga, kwa majina na kwa wingi, asije akapangiwa dozi kwa chakula cha huko kisha akarudi kwenye kisamvu chake na damu ikaanza kuganda.

Ndiyo maana zile pakiti za Flagyl za kaka yako zimenishtua. Flagyl, yaani metronidazole, ikikutana na warfarin huipa nguvu kupita kiasi, na mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani ya mwili. Cipro nayo huongeza hatari hiyohiyo. Ziache Tanga. Tena hata kwako zisingefaa sana: kuhara kwingi kwa msafiri hupona kwenyewe ndani ya siku 3 hadi 5, na Asia ya Kusini bakteria wengi wameshazoea Cipro kiasi kwamba haiwatishi. Ya jirani, kumeza antibayotiki kila siku kama kinga, inaua bakteria wazuri wa tumbo na kuwaachia nafasi wabaya wanaostahimili dawa, nawe utawabeba mpaka kando ya kitanda cha mama. Usifanye. Kinga ya kweli unayoweza kuipata kabla ya safari ni chanjo ya homa ya matumbo, ya sindano, angalau wiki 2 kabla ya kuondoka. Bado una muda. Kwa mama, muulize daktari wake wa moyo.

Mbebe pakiti za ORS badala yake. Maji ya chumvi na sukari yana historia huko India kwenyewe. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi ya wakimbizi ya Bangaon, karibu na mpaka. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na glukosi vichanganywe na maji kwenye mapipa, ndugu wakawanywesha wagonjwa kwa vikombe. Vifo ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Waliokuwa wakinywesha ni watu kama wewe, mama na dada wa wagonjwa. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si kilima. Ukianza kuhara, kunywa kidogokidogo, endelea kula wali na ndizi. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, unatapika kila unachokunywa, hukojoi, au siku ya tatu inaisha bila nafuu, hapo hospitalini mlipo ndipo pa kwenda. Dawa za kufunga kuhara usizimeze ukiwa na homa au damu.

Kwa mama hakuna kungoja siku ya tatu. Choo kikiwa maji hata mara mbili, mjulishe muuguzi au mpigie daktari siku hiyohiyo. ORS yenyewe ina chumvi, na wagonjwa wengi wa moyo wamepangiwa kiasi cha chumvi na maji kwa siku, kwa hiyo kiasi atakachokunywa kipangwe na daktari. Na damu ipimwe, kwa sababu kuhara peke yake hubadilisha namna warfarin inavyofanya kazi.

Pani puri. Nimeisoma ile "huwezi jua" na nimeelewa kwa nini ulitoka nje. Mama anaogopa, na anaisema hofu yake kwa lugha ya chakula kwa sababu ndiyo lugha anayoijua. Usimjibu kwa kumkataza tu. Pani puri ya barabarani ni karibu mbaya kuliko vyote nilivyokutajia: maji hayakuchemshwa, mnanaa ni mbichi, na mkono wa muuzaji unazama kwenye chungu mpaka kiwiko kila sahani. Lakini vile vikate vyenyewe vimekaangwa vikakauka, na huuzwa kwenye pakiti madukani. Siku za mwanzo mlizofika, si mkesha wa upasuaji, nunua pakiti. Chemsha viazi na dengu, viponde vikiwa moto. Chemsha ukwaju na maji, utie bizari nzima iliyokaangwa na kusagwa, sukari kidogo, na chumvi isizidi kibano kimoja. Uache upoe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mnanaa acha. Muoneshe daktari au mtaalamu wa lishe orodha ya ulivyotia, kisha mkae chini muonje viwili vitatu pamoja. Mwache mama akuelekeze wakati unapika, wewe ndiye utakuwa mikono yake.

Mialiko haitakuwa na tatizo unaloliwaza. Nyumba zile zote zina mgonjwa ndani, na sentensi "daktari ametuwekea masharti" inaheshimiwa na kila mtu. Mama asile huko, wewe nenda. Ukifika watakuletea bilauri ya maji. Ipokee kwa mkono wa kulia, iweke mbele yako, uombe kahawa au chai. Kula wali wa moto, sambar na mboga zilizopikwa, kwa mkono kama tulivyozoea sisi, baada ya kunawa kwa sabuni. Jeli ya mikono haiviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kuhara, sabuni na maji ndiyo kazi. Chatne, kachumbari na mtindi uliolainishwa kwa maji viache pembeni ya jani bila kuvitolea maelezo. Nao warudishie: wapikie vitumbua. Pilau ya nyama waulize kwanza, wapo wasiokula nyama kabisa.

Kuhusu halali, usiwe na wasiwasi mkubwa. Migahawa mingi ya Chennai haipiki nyama, samaki wala mayai, na vyakula vya pakiti visivyo na nyama vina alama ya duara la kijani ndani ya mraba. Ukitaka nyama, nenda Triplicane, mtaa wa zamani wa Waislamu wenye Msikiti wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795, uulize waumini wakuelekeze. Biriani ile mchana sufuria inapofunguliwa. Wali uliobaki ukakaa nje mpaka usiku una bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili kupikwa, na sumu anayoitengeneza wali ukikaa haivunjwi kwa kupasha moto.

Mzigo wa mjomba punguza. Dagaa wana chumvi nyingi kwa mgonjwa wa moyo, na viwanja vya ndege vina masharti juu ya samaki na nyama. Mnaweza kunyang'anywa mlangoni. Unga mtaukuta. Ulezi wanauita ragi, upo kila duka, na wanausonga ugali kama sisi. Zao lenyewe lilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki likafika India maelfu ya miaka iliyopita. Uji wa ulezi wa moto, uliokoroga mwenyewe, utamfaa mama asubuhi akiwa hana hamu ya kula. Ule unaouzwa barabarani ukiwa umechanganywa na mtindi baridi muuache. Weka nafasi ya birika la umeme, chupa ya chai, sabuni ya kipande, kipimajoto na zile ORS.

Siku ya kuruhusiwa, usitoke hospitalini bila karatasi tatu kwa Kiingereza kilichoandikwa kwa kompyuta, si mwandiko: dozi ya dawa ya kuzuia damu kuganda na kiwango cha INR, yaani kipimo cha namna damu inavyoganda, anachotakiwa kuwa nacho, orodha ya dawa asizopaswa kuchanganya nayo, na ushauri wa lishe. Fanya nakala, moja ikae kwenye simu ya dada wa Muscat. Na kabla hamjaondoka Tanga, nenda kwenye kliniki ambako mama atahudhuria mkirudi, uulize wanapima INR siku zipi, ili mama asikae wiki nzima bila kupimwa mkishashuka kwenye ndege.